Dau la Dola Milioni 300 kwa Mchezaji Mmoja

Na Mwandishi Wetu

Juni 2023, mahakama ya shirikisho jijini San Francisco, Marekani, ilikuwa ikisikiliza shauri la serikali la kutaka kuizuia Microsoft isiinunue kampuni ya magemu ya Activision Blizzard. Kati ya nyaraka zilizofikishwa mbele ya Jaji Jacqueline Scott Corley ilikuwemo hati ya maelezo ya Jim Ryan, aliyekuwa mkuu wa PlayStation ndani ya Sony. Siri za biashara zilizokuwa kwenye hati hiyo zilifichwa kwa njia ya kizamani. Mistari ilifutwa kwa kalamu nene ya wino mweusi, kisha karatasi zikapitishwa kwenye skana.

Wino haukutosha, na chini yake tarakimu zilisomeka. Gemu la The Last of Us Part II liligharimu dola milioni 220. Horizon Forbidden West liligharimu dola milioni 212, kwa kazi ya miaka mitano iliyofikia wafanyakazi 300. Nyaraka ziliondolewa haraka, lakini waandishi wa habari walikuwa wamekwisha kuzinakili.

Yote mawili ni magemu ya mchezaji mmoja. Mtu anakaa peke yake sebuleni, anashika pedi, anaingia ndani ya hadithi, na baada ya saa 20 au 30 hadithi inakwisha. Kwa mamilioni ya watu, huo ndio utamu wenyewe wa gemu. Kwa mhasibu, hiyo ni bidhaa inayokula fedha kwa miaka mitano bila kuingiza hata senti, kisha inapewa wiki chache sokoni izirudishe zote.

Kabla ya siku ile, ukubwa wa bajeti hizi ulikuwa jambo la kunong'onezana. Sasa unajulikana, na swali lililobaki ni zito zaidi: gemu likishindwa kurudisha fedha, nani analipa?

Fedha zinaishia kwenye mishahara

Wengi hudhani fedha hizi huishia kwenye mitambo na kompyuta. Sehemu kubwa huishia kwa watu. Jason Schreier, mwandishi wa habari wa Marekani anayeijua tasnia hii kwa ndani, alipiga hesabu kwenye kitabu chake cha mwaka 2017, Blood, Sweat, and Pixels. Kwake, mfanyakazi mmoja ni dola 10,000 kwa mwezi, ukijumlisha mshahara na gharama nyingine za kumweka kazini.

Chukua studio yenye watu 200. Kwa mwezi ni dola milioni 2, kwa mwaka milioni 24. Kwa miaka mitano zinafika milioni 120, na hapo hata bango moja la tangazo halijabandikwa. Tena hizo ni bei za zamani. Kwenye miji ya California, ambako studio nyingi kubwa zipo, mtu mmoja anagharimu zaidi ya hapo.

Watu 200 wanafanya nini kwa miaka mitano? Ndani ya The Last of Us Part II kuna kamba. Mchezaji anaiokota na kuirusha juu ya boriti. Inapita, inajikunja, inaning'inia upande wa pili kwa uzito wake yenyewe. Akizunguka nguzo huku ameishika, nayo inaizunguka nguzo. Gemu lilipotoka mwaka 2020, wachezaji walirekodi video za kamba hiyo na kurushiana mitandaoni kwa mshangao.

Kamba hiyo haikujitengeneza. Kuna wahandisi walioandika kanuni za namna inavyopinda, wasanii waliochora nyuzi zake, na wajaribu kazi walioivuta huku na huko mpaka makosa yakaisha. Zidisha kazi hiyo kwa kila kioo kinachovunjika, kila jani, kila mkunjo wa uso wa mwigizaji aliyevalishwa suti ya kunasa mwendo. Mashine mpya inapoingia sokoni ikiwa na uwezo mkubwa zaidi, mnunuzi anataka kuuona uwezo huo, na kazi inaanza upya kwa kiwango cha juu zaidi.

Shawn Layden, aliyewahi kuongoza studio za Sony duniani, alilisema hili mwaka 2020 baada ya kuondoka. Alieleza kwamba magemu makubwa ya wakati huo yaligharimu kati ya dola milioni 80 na 150 kabla ya matangazo, na kwamba gharama huongezeka maradufu kila kizazi kipya cha mashine kinapoingia. Bei dukani, alisema, ilibaki pale pale, karibu dola 60. Pendekezo lake lilikuwa kurudi kwenye magemu mafupi, ya saa 12 hadi 15.

Hakusikilizwa. Bei imepanda hadi dola 70, karibu Sh 9,000 za Kenya, na gharama zimeiacha mbali.

_"Bidhaa inayokula fedha kwa miaka mitano, kisha inapewa wiki chache izirudishe zote."_

Linauzwa mara moja tu

Kwa dola 70 hizo, kampuni isiyo na duka lake humwachia mwenye duka la mtandaoni sehemu yake, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30. Zinabaki dola 49. Kama gemu limebeba shujaa wa kukodi, mwenye shujaa naye anadai mrabaha. Hatimaye inafika zamu ya fedha zilizotumika.

Mauzo mengi hupatikana wiki za mwanzo, wakati bei iko juu. Baada ya miezi michache bei inaanza kushuka. Aliyelimaliza gemu anaiuza diski kwa jirani au anamwazima rafiki, na studio haipati kitu. Wengine hawanunui kabisa. Wanaitazama hadithi nzima YouTube, mtu mwingine akiicheza.

Hata kwetu Afrika Mashariki hesabu hii inaonekana ukipita kwenye vibanda vya gemu, iwe Dar es Salaam au Nairobi. Kinachomlipa mwenye kibanda ni mpira. Vijana wawili wanashika pedi, wanalipia mechi, inakwisha, wanawapisha wengine. Gemu la hadithi halina nafasi pale, kwa sababu mtu mmoja akikaa nalo jioni nzima foleni haisogei. Wakubwa wa California na Tokyo wanaiona foleni ile ile kwenye vitabu vyao, kwa tarakimu kubwa zaidi.

Mfano unaouma ni wa Tomb Raider. Gemu lilitoka Machi 2013, chini ya Square Enix ya Japani, na kabla ya wiki nne kutimia lilikuwa limeuza nakala milioni 3.4. Wachambuzi walilisifu na wachezaji walilipenda. Square Enix ilitangaza kwamba mauzo hayo hayakufikia malengo, na rais wake, Yoichi Wada, akatangaza kuondoka madarakani mwezi huo huo, kampuni ikitarajia hasara.

Miaka iliyofuata gemu hilo hilo lilivuka nakala milioni 14. Halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye matarajio yaliyopangwa kabla halijatoka, na hilo ni jambo la ofisini.

Mei 2022 Square Enix iliziuza studio zake za Magharibi: Crystal Dynamics iliyotengeneza gemu hilo, Eidos-Montréal na Square Enix Montréal, pamoja na haki za Tomb Raider, Deus Ex na Thief. Wafanyakazi wapatao 1,100 walikwenda pamoja nazo. Embracer ya Sweden ilivichukua vyote kwa dola milioni 300.

Dola milioni 300. Hicho ndicho kiasi ambacho studio nyingine, wakati huo huo, ilikuwa inatumia kwenye gemu moja.

Buibui na wadukuzi

Studio hiyo ni Insomniac, yenye makao Burbank, California, mali ya Sony. Marvel's Spider-Man 2 lilitoka Oktoba 20, 2023. Ndani ya saa 24 liliuza nakala milioni 2.5, na ndani ya siku 11 milioni 5. Ukiyatazama kutoka nje, hayo ni mafanikio yasiyo na doa.

Desemba mwaka huo wadukuzi wa kundi la Rhysida waliingia kwenye mitambo ya studio, wakadai bitcoin 50, na walipokosa kulipwa wakamwaga mafaili zaidi ya milioni moja mtandaoni. Ulikuwa uhalifu, na ulianika mambo binafsi ya wafanyakazi wasio na hatia. Lakini ulianika pia vitabu vya hesabu ambavyo tasnia hii haijawahi kuvionyesha kwa hiari.

Kwa mujibu wa nyaraka hizo kama zilivyoripotiwa, bajeti ya Spider-Man 2 ilikuwa takriban dola milioni 300, mara tatu hivi ya gemu la kwanza la mwaka 2018. Ili kurudisha gharama tu, lilihitaji kuuza nakala milioni 7.2 kwa bei kamili. Bei kamili, si ya punguzo. Gemu linaweza kununuliwa na watu milioni 5, idadi ya kujaza uwanja mkubwa wa mpira makumi ya mara, na bado likahesabika kuwa lina deni.

Katika mafaili hayo kulikuwa na wasilisho la ndani lililouliza kwa uwazi kama mchezaji anayeshika pedi anauona uwekezaji huo ulioongezeka mara tatu. Watu wa studio walijiuliza wenyewe, kabla mhasibu wa nje hajawauliza. Ukicheza magemu yote mawili, jibu gumu ni kwamba la pili ni zuri zaidi, lakini si zuri mara tatu.

Kufikia Februari 4, 2024, Spider-Man 2 lilikuwa limevuka nakala milioni 10. Kwa idadi ya nakala, daraja lilivukwa. Februari 27, wiki tatu baadaye, Sony ilitangaza kuwaondoa wafanyakazi 900 wa kitengo cha PlayStation, asilimia 8 ya wote. Studio ya London ilifungwa. Insomniac ilikuwa miongoni mwa zilizopunguza watu.

Hapa ndipo moyo wangu unapogoma. Tunaambiwa hatari ya biashara inabebwa na wenye mtaji, na ndiyo maana faida ni yao. Lakini hapa gemu limeipita idadi ya kurudisha gharama, na bado kuna waliolijenga waliorudi nyumbani na masanduku yao.

_"Limeipita idadi ya kurudisha gharama, na bado kuna waliolijenga waliorudi nyumbani."_

Hoja ya wakubwa

Wakubwa wa kampuni wana hoja yao, na si ya kubezwa. Gemu la mtandaoni linalochezwa na wengi kwa pamoja halina mwisho. Mchezaji anarudi kila wiki, ananunua nguo ya mhusika wake leo, silaha kesho. Fortnite imeiingizia Epic Games mabilioni ya dola kwa mtindo huo. Kwa nini mtu atumie dola milioni 200 kwenye hadithi inayoisha?

Electronic Arts (EA) ililisema hili waziwazi Februari 2025. Dragon Age: The Veilguard, gemu la mchezaji mmoja la studio yake ya BioWare iliyoko Edmonton, Canada, lilikuwa limepata wachezaji milioni 1.5 katika robo ya mwaka, karibu nusu ya walichotarajia. Mtendaji mkuu Andrew Wilson aliwaeleza wawekezaji kwamba wachezaji siku hizi wanatafuta magemu yenye dunia ya kushirikiana na wenzao. BioWare ilipunguzwa mpaka ikabaki na watu wasiofika 100.

Waliowahi kufanya kazi BioWare walimpinga hadharani. David Gaider, mwandishi aliyeijenga dunia ya Dragon Age tangu mwanzo, aliishauri EA ifuate njia ya Larian, studio ya Ubelgiji iliyotengeneza Baldur's Gate 3, kwa kukifanya kile inachokijua kwa nguvu zote. Alikuwa na haki. Veilguard lilianza kama gemu la mtu mmoja, likageuzwa kuwa la wengi mtandaoni, kisha katikati ya safari likarudishwa kuwa la mtu mmoja. Miaka ilipotea kwenye kugeuzageuza huko, na kila mwezi wake ulilipiwa mishahara.

Kuna ushahidi mwingine ambao wakubwa hawapendi kuutaja. Warner Bros ilitoa Hogwarts Legacy Februari 2023, gemu la mchezaji mmoja, na hadi mwisho wa mwaka likauza nakala milioni 22. Mwaka mmoja baadaye kampuni hiyo hiyo ikatoa Suicide Squad: Kill the Justice League, la kuchezwa pamoja mtandaoni, kutoka Rocksteady ya London, studio iliyopata jina kwa magemu ya Batman ya mchezaji mmoja. Hasara iliyoandikwa vitabuni ilikuwa dola milioni 200.

Sony nayo ikatoa Concord, la mtandaoni, Agosti 23, 2024. Septemba 6 lilizimwa na kila mnunuzi akarudishiwa fedha zake. Oktoba, studio ya Firewalk iliyolitengeneza ikafungwa.

Kwa hiyo ni uongo kusema kwamba hatari iko kwenye hadithi ya mtu mmoja, na kwamba kwenye gemu la wengi kuna usalama. Hatari iko kwenye ukubwa wa dau. Studio inayoweka miaka sita na watu mia tatu kwenye kitu kimoja imeyaweka maisha yake yote kwenye Ijumaa moja ya uzinduzi.

Watu thelathini wa Montpellier

Aprili 24, 2025, studio changa ya Sandfall, kutoka Montpellier kusini mwa Ufaransa, ilitoa Clair Obscur: Expedition 33. Mwasisi wake, Guillaume Broche, alitoka Ubisoft. Timu ya ndani ilikuwa na watu wapatao 30. Gemu liliuzwa dola 50, likauza nakala milioni moja kwa siku tatu na milioni 3.3 kwa siku 33. Desemba 2025 likatwaa tuzo ya Gemu la Mwaka. Bajeti, kama ilivyoripotiwa, haikufika dola milioni 10.

Furaha niliyoiona kwa wapenzi wa magemu ya hadithi ilikuwa ya kweli, nami nikaishiriki. Lakini tusiipotoshe habari hii. Watu 30 hawakufanya yote. Kazi nyingi za uhuishaji, majaribio, tafsiri na sauti zilitolewa kwa watu wa nje, na mtambo wa kuundia magemu wa Unreal walioutumia umegharimiwa na Epic Games kwa miaka mingi. Isitoshe, mwaka 2024 pekee zaidi ya magemu 18,000 yaliingia kwenye duka la Steam. Mengi yalitengenezwa na timu ndogo zenye vipaji na bidii, na hayakurudisha hata pango la ofisi.

Sandfall imetuonyesha jambo moja mahususi. Gemu lililogharimu milioni 10 likianguka, linaiangusha studio moja ya watu 30. La milioni 300 likianguka, linaburuta majengo mazima.

Finland yakata dau vipande

Kati ya Montpellier na Burbank kuna mji wa Espoo, Finland, yaliko makao ya Remedy. Studio hii haikuwa na milioni 300, na hadithi zake za giza hazikuweza kuandikwa kwa milioni 10. Alan Wake 2, gemu ambalo mashabiki walilisubiri miaka 13, liligharimu takriban euro milioni 70 pamoja na matangazo. Fedha zilitoka Epic Games. Makubaliano yalikuwa kwamba Epic irudishe kwanza fedha zake, na baada ya hapo ndipo Remedy ianze kupata mrabaha.

Lilitoka Oktoba 27, 2023. Desemba likachukua tuzo tatu kwenye The Game Awards, ikiwemo ya uandishi wa hadithi. Kufikia Februari mwaka uliofuata lilikuwa limeuza nakala milioni 1.3, kasi ambayo Remedy haikuwahi kuifikia, na bado halikuwa limeilipa studio hata euro moja ya mrabaha. Ilichukua mpaka mwisho wa 2024, baada ya zaidi ya mwaka sokoni na nakala karibu milioni 2, ndipo deni likaisha na mrabaha ukaanza kuingia.

Zaidi ya mwaka mzima wa kusubiri, kwa gemu lililosifiwa kila kona. Hilo lingetokea kwa studio iliyokopa fedha hizo benki, isingekuwepo leo.

Juni 2025 Remedy ilijaribu njia ya wengi. Ikatoa FBC: Firebreak, gemu la watu watatu mtandaoni, na wachezaji hawakuja. Oktoba mwaka huo kampuni ilitoa onyo kuhusu faida, na mtendaji mkuu Tero Virtala akaachia ngazi. Gemu la mtu mmoja ndilo lililokuwa limejilipa.

Kwa mwendelezo wa gemu lake la Control, ambalo nalo ni la mchezaji mmoja, Remedy imeingia na mpango tofauti. Bajeti ya awali iliwekwa karibu euro milioni 50, pungufu ya Alan Wake 2. Agosti 2024 ilitia saini na Annapurna ya Marekani, kampuni inayofahamika kwa filamu, ilipe nusu ya gharama za kulitengeneza, na kwa upande wake ipewe haki ya kutengeneza filamu na tamthilia za Control na Alan Wake. Safari hii Remedy italipeleka gemu sokoni yenyewe. Likiuza, haitasubiri mwaka mzima ili ionje fedha zake. Lisipouza, nusu ya hasara itabaki Marekani kabla haijafika kwa wafanyakazi wa Espoo.